Kabla ya kusafiri na familia, uliza: chanjo hii imeidhinishwa na nani?



Zabibu, alizeti na mtama vikishauzwa hapa Hombolo, nyumba nyingi huanza kupiga hesabu. Kuna ada za watoto, kuna bati za kumalizia nyumba, na kwa wale ambao Mwenyezi Mungu amewawezesha, kuna safari. Mmoja anakwenda Umra na mkewe, mwingine anawapeleka watoto kwa shangazi yao Mombasa, mwingine amealikwa na ndugu yake aliyeko Uarabuni. Siku hizi wapo hata wanaoalikwa na jamaa zao wa ughaibuni kupanda meli za kitalii zinazotia nanga bandari hii na ile.

Maandalizi huanza na pasipoti, nguo na zawadi. Chanjo hukumbukwa wiki ya mwisho, na hapo ndipo familia hukwama. Baba anasema, "Mbona mimi nimeshachanjwa?" Ni kweli amechanjwa. Tatizo ni kwamba chanjo aliyochanjwa siyo iliyotakiwa, au kadi haikujazwa inavyopasa, au siku hazijatimia. Leo, inshaallah, tujifunze jinsi chanjo inavyoidhinishwa na idhini hiyo ina maana gani kwako wewe unayesafiri na mke, watoto na wazee.

IDHINI NI TATU, SI MOJA

Idhini ya kwanza ni ya nchi yako. Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kwa jina la TFDA. Mamlaka hupitia taarifa za mtengenezaji na kuuliza mambo matatu: chanjo ina ubora, ina usalama, na je, kweli inakinga? Hukagua pia viwanda, na hufuatilia madhara baada ya chanjo kuanza kutumika. Kazi hii si ya mzaha. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitambua mamlaka yetu kuwa imefikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa, ikiwa ya kwanza barani Afrika kufika hapo.

Idhini ya pili ni ya WHO yenyewe. Tangu mwaka 1987 shirika hilo huchunguza chanjo na kuweka orodha ya zile zinazofaa kununuliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNICEF. Likitokea janga, lipo pia utaratibu wa idhini ya dharura. Chanjo ya Johnson & Johnson ya kukinga UVIKO-19, kwa mfano, ilipata idhini hiyo Machi 12, 2021, nasi tukaanza kuitumia nchini baada ya uzinduzi wa Julai 28 mwaka huo.

Idhini ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Hii ni ya nchi unayokwenda, na pengine ya kampuni ya chombo unachopanda. Chanjo inaweza kupita milango miwili ya kwanza ikasimama kwenye huu wa tatu.

MFANO WA MWAKA 2021

Machi 2021 Kenya na Uganda zilipokea chanjo ya Covishield, ambayo ni ile ile ya AstraZeneca iliyotengenezwa na Serum Institute ya India. WHO ilikuwa imeshaiidhinisha tangu Februari. Lakini Umoja wa Ulaya ulipoanza kutumia cheti chake cha chanjo Julai 1, 2021, Covishield haikuwa katika orodha ya chanjo zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya. Umoja wa Afrika ulilalamika, na kwa haki. Kila nchi ya Ulaya ilikuwa na ruhusa ya kuipokea chanjo iliyo katika orodha ya WHO, na baadaye nyingi zilifanya hivyo. Lakini msafiri wa wiki zile za mwanzo alikuwa na kinga mwilini, huku karatasi yake ikiwa na mashaka.

Saudia nayo mwaka huo iliwakubali waliochanjwa Sinopharm na Sinovac kwa sharti la kuongeza dozi ya chanjo mojawapo iliyokuwa katika orodha yake. Kampuni nyingi za meli za kitalii zilidai abiria wawe wamechanjwa, tena kwa chanjo zilizomo katika orodha zao. WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 Mei 5, 2023, na masharti mengi ya aina hiyo yakaondolewa. Somo lake halijaondoka: kinga ya mwili ni jambo moja, kukubaliwa mpakani ni jambo jingine. Msafiri anahitaji yote mawili.

KADI YA NJANO

Homa ya manjano ndiyo maradhi pekee yaliyotajwa kwa jina katika Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 kuwa nchi inaweza kudai cheti cha chanjo yake kwa msafiri anayeingia. Wengi hudhani sharti hili linategemea uraia wako. Sivyo. Linategemea ulikopita.

Chukua mfano wa familia iliyoko kwenye meli inayotia nanga Mombasa kisha Unguja. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa hiyo familia hiyo inapoingia Unguja inahesabiwa kuwa imetoka katika nchi yenye hatari, na Tanzania hudai kadi kwa msafiri wa namna hiyo mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi. Aliyekwenda Mombasa kwa basi kwa ajili ya harusi akarudi naye yumo humo humo. Zipo pia nchi zinazohesabu hata kusubiri ndege kwa zaidi ya saa 12 katika kiwanja cha nchi yenye hatari. Kwa hiyo usiulize tu, "Tunakwenda wapi?" Uliza pia, "Tunapitia wapi?"

Sasa sikiliza masharti ya kadi yenyewe, maana wengi hukwama hapa:

1. Chanjo iliyotumika lazima iwe imeidhinishwa na WHO.

2. Kadi lazima isainiwe kwa mkono na mhudumu wa afya aliyeruhusiwa, na iwe na muhuri rasmi wa kituo. Muhuri bila saini hautoshi.

3. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa leo na kusafiri kesho kutwa, mpakani unahesabika hujachanjwa.

4. Kila mtu na kadi yake. Hakuna kadi ya familia. Mtoto asiyejua kuandika husainiwa na mzazi au mlezi. Bibi asiyejua kuandika huweka alama yake, na mtu mwingine huthibitisha kuwa ile ni alama yake.

5. Kufuta, kurekebisha au kuacha sehemu wazi kunaweza kuibatilisha kadi.

Habari njema ni kwamba tangu Julai 11, 2016 kadi hii haina mwisho. Aliyechanjwa mwaka 2008 kwa kadi iliyojazwa sawasawa hapaswi kudaiwa sindano nyingine kwa sababu tu miaka 10 imepita.

Asiye na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita tangu pale alipoweza kuambukizwa kwa mara ya mwisho. Wazee wetu waliosafiri kwa meli walikijua kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, kilichotumiwa kwa karantini. Siku sita na watoto wadogo katika nchi ya watu si jambo la kutamani.

Jua pia kwamba chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo si ya kila mtu. Mtoto wa chini ya miezi tisa kwa kawaida hapewi. Mwenye mzio mkali wa mayai au kinga ya mwili iliyoshuka sana asichanjwe kabla ya kuonana na tabibu. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea wapimwe kwanza faida na hatari. Mhudumu akiona chanjo haifai kwako, ataandika sababu na kuisaini. Barua hiyo ni udhuru unaotambulika, ingawa nchi inaweza bado kukuweka chini ya uangalizi.

HOMA YA UTI WA MGONGO KWA MAHUJAJI

Katika Hija ya mwaka 2000 mahujaji walirudi makwao na homa ya uti wa mgongo ya aina ya W135, na katika nchi kadhaa ndugu zao ambao hawakusafiri nao wakaugua. Baada ya hapo Saudia ikadai chanjo yenye aina nne kwa pamoja: A, C, W135 na Y. Ni lazima ichanjwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Kwa kadiri ya aina yake, cheti hudumu miaka mitatu au mitano, na watoto wenye mwaka mmoja na zaidi wamo.

Hapa pana mtego. Ipo chanjo ya MenAfriVac, iliyoanza kutumika Afrika Magharibi mwaka 2010. Ni nzuri, na WHO imeiidhinisha. Lakini inakinga aina A peke yake. Ukiwa nayo hiyo tu hujatimiza sharti la Hija wala Umra.

Usidhani maradhi haya ni habari ya zamani. Aprili na Mei 2024 waliripotiwa wagonjwa 12 wenye uhusiano na safari za Saudia: watano Marekani, wanne Ufaransa na watatu Uingereza. Wawili kati yao hawakusafiri, waliambukizwa na waliorudi. Wale tisa ambao hali yao ya chanjo ilijulikana, wote hawakuwa wamechanjwa.

KUNUNUA KADI

Wapo wanaotafuta njia ya mkato: kadi inaandikwa, muhuri unagongwa, sindano haichomwi. Ndugu yangu, kadi ile ni ushahidi kwamba jambo fulani limefanyika mwilini mwako. Anayeinunua amebeba ushahidi wa uongo, tena akiwa amevaa ihramu. Ofisa wa mpakani anaweza kudanganyika, lakini mbu na bakteria hawasomi kadi. Na atakayeumia anaweza kuwa mama mzazi aliyebaki Hombolo akikusubiri urudi na maji ya Zamzam.

Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh, mpakani mwa Sham, akapata habari za tauni, hakupuuza. Aliwashauri maswahaba, kisha akarudi na watu wake. Kuuliza kabla ya kuingia ni mwenendo wa wema waliotutangulia.

Mwenye shaka kuhusu uhalali wa viambato naye aulize. Waislamu wa Indonesia waliuliza juu ya chanjo ya mahujaji, na Julai 2010 baraza lao la maulamaa likataja chanjo mbili kuwa halali, moja ya Italia na moja ya China. Shaka huondolewa kwa elimu. Kununua kadi hakuondoi shaka, kunaongeza dhambi.

UFANYE NINI?

Anza miezi miwili kabla. Andika njia yote ya safari, pamoja na viwanja na bandari mtakazopita. Mwulize wakala wa Hija au wa meli akupe masharti ya mwaka huu kwa maandishi, kwa sababu orodha hubadilika.

Nenda zahanati au kituo cha afya cha karibu ukiwa na pasipoti na kadi za kliniki za watoto. Kadi ya kliniki si cheti cha safari, lakini inatuonyesha mtoto amepata nini na lini. Chanjo ya homa ya manjano na ile ya surua zisipotolewa siku moja, hupishana wiki nne, kwa hiyo tarehe hizo ni muhimu. Sisi wa vituo vidogo hatutoi kadi ya njano. Tutakuelekeza kwenye kituo kilichoidhinishwa, na ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa pale Dodoma mjini inaweza kukuthibitishia.

Kabla ya sindano uliza jina la chanjo na inakinga aina zipi. Baada ya sindano, usiondoke dirishani. Soma kadi: jina kama lilivyo katika pasipoti, tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo lake, saini, muhuri. Kosa likionekana pale pale huandikiwa kadi mpya. Likionekana Jeddah, hakuna wa kukusaidia.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari za salama na marejeo ya salama.

Wabillahi tawfiq.