Watoto Wasaidiane Hesabu, Wasinakiliane

Somo letu la leo ni hesabu ambazo watoto hupewa wafanyie nyumbani.

Kule Kibera na Kawangware familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha mabati. Hapo ndipo pa kupikia, ndipo pa kulala, na ndipo mwanafunzi aandikie. Mzazi akirudi kutoka kibaruani, hesabu za gredi ya sita huenda zimempita. Basi mtoto hukimbilia mwenzake wa ploti. Ni vizuri. Lakini mara nyingi tunachokiona ni daftari moja likizungushwa, kila mtu ananakili. Kesho mwalimu anatia tiki; siku ya mtihani mtoto yuko peke yake.

Tuchukue mfano: nusu kujumlisha robo. Mtoto anaandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Amejumlisha za juu, akajumlisha na za chini. Mwenzake asimwambie, "Ni 3/4, andika." Amwulize: "Ukitumwa dukani nusu kilo ya sukari, halafu uongeze robo, umebeba robo ngapi?" Nusu ni robo mbili; ongeza moja, ni tatu. Kisha: "Hiyo 2/6 yako ni theluthi, na theluthi ni ndogo kuliko nusu. Umeongeza sukari, mbona imepungua?" Hapo mtoto hucheka, na akicheka ujue ameshika.

Kuna jambo jingine. Shuleni hesabu ni kwa Kiingereza, lakini wao kwa wao huelezana kwa Kiswahili au Sheng. Mara nyingi mtoto hakushindwa na hesabu, alishindwa na maneno ya swali. Wanafunzi wengi walipokaa nyumbani kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021, masomo yaliletwa kwa redio na runinga. Wenye redio walisikia, sawa, lakini redio huiulizi swali.

Kikundi kinaweza kuomba ukumbi wa kanisa au darasa tupu, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili unusu jioni. Watoto wanne au watano wanatosha kwa meza moja. Ada isiwepo, hii si tuisheni. Mtu mzima mmoja akae nao, hata kama hesabu hazijui. Kazi yake ni kuhakikisha kila mtoto ameeleza kwa mdomo alivyopata jibu kabla ya kufunga daftari. Mtoto hodari asiachiwe kufundisha kila siku; naye ana kazi yake.

Na wasichana je? Saa hiyo ndiyo wanayotumwa maji na kulea wadogo zao. Kikundi kikae na wazazi kwanza, kipange nani atachota maji siku za masomo.