Triga ni Mshenga: Somo la Kuchagua Kifyatuzi cha Taa za Studio

Kama wewe ni mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili, hebu lichukue toleo letu la mwaka juzi ufungue kurasa za wanafunzi wa kidato cha nne walioondoka. Utaona nafasi tupu. Majina yapo lakini sura hazipo. Wengi wameniuliza, "Je, hao walikataa kupigwa picha?" La hasha! Walikaa kitini, wakatabasamu, wakaambiwa "tayari." Kosa lilikuwa letu sisi wapiga picha, na mimi nikiwa mmoja wao. Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi si mkuu wa mtu, lakini guu tayari nimelivunja, kwa hiyo nisikilizeni.

Mambo Yalivyokuwa

Mwanafunzi mmoja wa zamani alifunga studio yake akatuletea zawadi ya taa mbili za flashi, pamoja na stendi na miavuli yake. Tulifurahi si haba! Kilichokosekana ni triga, yaani kile kifyatuzi kisicho na waya ambacho hukaa juu ya kamera na kuziamuru taa ziwake wakati ule ule picha inapopigwa. Mwenyekiti wetu nami tukatumwa mjini. Katika duka moja tulionyeshwa triga ya bei nafuu.

"Mzee, hii itaingia kamera yetu?" nikauliza.

"Kijana wangu, hiyo inaingia kamera zote. Weka, bonyeza, taa inawaka. Una swali lingine?"

Mwenyekiti akanitazama, nami nikamtazama. Swali lingine hatukuwa nalo. Tukauliza bei ya mwisho, tukalipa, tukapanda matatu.

Siku ya picha taa ziliwaka kweli. Tulipiga foleni nzima ya kidato cha nne haraka haraka, kwani kesho yake wangeanza mtihani. Ili kuokoa betri tulikuwa tumezima kioo cha kamera kisionyeshe kila picha. Jioni tulipozifungua kwenye kompyuta ya maktaba, nilihisi tumbo likinikata. Karibu kila picha ilikuwa na ukanda mweusi uliofunika upande mmoja. Huyu alikuwa na jicho moja, yule hakuwa na shavu. Nyingine hazikuwa na ukanda lakini zilikuwa na giza nusu, kana kwamba taa moja ilikuwa imelala.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Triga ile haikuwa mbovu, na muuzaji hakutudanganya. Ilifanya kila ilichoahidi. Sisi ndio hatukuuliza ni kitu gani haifanyi.

Kwa Nini Picha Zilipata Ukanda

Ndani ya kamera nyingi za kubadilisha lenzi mna mapazia mawili mbele ya sensa. Ukibonyeza, pazia la kwanza hufunguka na mwanga ukaingia, kisha pazia la pili hufuata na kufunga. Kwa kasi ya 1/125 ya sekunde, pazia la kwanza hufika mwisho kabla la pili halijaondoka. Basi pana muda mfupi ambapo sensa yote iko wazi, na huo ndio wakati wa flashi kuwaka.

Ukipandisha kasi hadi 1/500, pazia la pili huanza safari kabla la kwanza halijafika. Kinachobaki ni ufa unaotembea mbele ya sensa. Mwanga wa flashi huwaka na kuzimika kufumba na kufumbua, kwa hiyo hupita mahali ule ufa ulipo wakati huo tu. Kwingine kote ni giza. Ndio ule ukanda wetu!

Kamera nyingi za aina hii zina kikomo cha 1/200 au 1/250 kwa flashi. Triga za bei ya chini nazo huchelewa kidogo kupeleka amri, kwa hiyo wapiga picha wengi hushuka hadi 1/160 au 1/125 ili wawe salama. Mimi nilikuwa nimeweka 1/500.

Utasema, "Mbona flashi ndogo ya kamera haikuleta shida hiyo?" Ni kwa sababu ile huzungumza na kamera. Huiambia "nipo," na kamera yenyewe hukataa kuvuka kikomo. Triga yetu ilikuwa na pini moja tu. Ilijua kupokea neno moja, "washa," basi. Kamera haikujua kwamba kuna taa, ikaniacha nifanye nilivyotaka.

Njia Tatu za Kuamuru Taa

Ya kwanza ni waya. Ni rahisi na ya kuaminika, ila mtu akijikwaa juu yake, taa chini!

Ya pili ni jicho. Taa nyingi za studio zina jicho dogo ambalo likiona flashi nyingine inawaka, nayo huwaka papo hapo. Halihitaji betri wala kifaa kingine. Lakini jicho halichagui bwana. Likimulikwa na flashi ya mgeni, hutii. Tena nje kwenye jua kali, au nyuma ya ukuta, huenda lisione kitu. Hapa ndipo penye siri ya zile picha za giza nusu. Triga yetu ilikuja na kipande kimoja tu cha kupokea, kwa hiyo taa ya pili tuliiacha ifuate jicho. Kijana mmoja alikuwa kando akipiga picha za rafiki zake kwa kamera yenye flashi. Kila alipopiga, taa yetu iliwaka bure, na tulipobonyeza sisi ilikuwa bado inajijaza umeme.

Ya tatu ni redio. Mawimbi hupita nyuma ya mtu na hata kuta nyingi, na unaweza kuchagua chaneli yako. Triga tunazozizungumzia hapa ni za aina hii.

Maswali Matano Kabla ya Kutoa Pesa

Triga ni kama mshenga kati ya nyumba mbili. Mshenga asiyejua lugha ya nyumba zote mbili huvunja posa. Nyumba ya kwanza ni kamera, ya pili ni taa. Basi tuulize.

1. Je, inaelewana na taa? Hili ndilo la kwanza, si bei. Triga nyingi za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, lakini usidanganyike na namba hiyo. Godox wa Uchina, Profoto wa Uswidi na Elinchrom wa Uswisi wote wamo katika mawimbi hayo, na bado kila mmoja ana lugha yake. Ni kama watu watatu katika chumba kimoja, huyu Mluo, huyu Mgiriama, huyu Mmeru. Hewa ni moja, lugha mbalimbali. Kama taa ina redio ndani yake, nunua triga ya ukoo ule ule. Kama haina, kama zetu, unahitaji kipande cha kupokea kwa kila taa, pamoja na waya mfupi unaoingia katika tundu la taa. Pima tundu hilo kabla ya kwenda dukani. Mengine ni ya milimita 3.5 kama ya spika za masikioni, mengine ya milimita 6.35 kama ya gita.

2. Je, inaelewana na kamera? Tazama kile kijireli cha chuma juu ya kamera ambamo flashi huchomekwa. Pini ya katikati ndiyo inayotoa amri ya "washa," na triga rahisi hutegemea hiyo pekee. Lakini zipo kamera zisizo na pini hiyo, kwa mfano Canon EOS 2000D na 4000D, zilizotoka mwaka wa 2018. Hizo zinahitaji triga maalumu ya Canon inayozungumza kwa pini nyingine. Kwa hiyo "inaingia kamera zote" si sawa na "inafanya kazi kwa kamera zote." Kuingia na kuelewana ni mambo mawili!

3. Kazi yako ni gani? Ikiwa mtu anakaa kitini na taa hazisogei, kama siku yetu ya picha, triga ya pini moja inatosha kabisa. Unapima mwanga mara moja, unaweka nguvu ya taa kwa mkono, unaendelea. Ipo triga inayoiacha kamera ipime mwanga yenyewe kupitia lenzi, mtindo unaoitwa TTL. Hiyo inafaa watu wanaotembea, kama bibi na bwana harusi. Ipo pia inayoruhusu kasi ya juu kuliko kile kikomo, kwa kuifanya taa imulike mfululizo wakati ufa unapotembea. Hiyo husaidia nje kwenye jua, ila hula nguvu nyingi ya taa, na lazima triga na taa zote mbili ziwe na uwezo huo. Usilipie usichokihitaji.

4. Ina chaneli na makundi mangapi? Chaneli hukutenga na jirani. Katika tamasha la shule nyingi, wenzenu wakiwa na triga kama yenu kwenye chaneli ile ile, watawasha taa zenu nanyi mtawasha zao. Makundi nayo huziweka taa zako mbali mbali, hii A, ile B. Kwa triga inayoweza kurekebisha nguvu, unaipunguza B ukiwa umesimama kwenye kamera bila kupanda ngazi.

5. Inakula betri gani? Jambo dogo hili, lakini dogo si la kudharau. Nyingine hutumia betri za kawaida za AA unazozipata katika kila kioski. Nyingine, kama kipande cha kutuma cha Godox CT-16, hutumia betri ndogo ya volti 12 aina ya 23A, kama zile za rimoti za magari na mageti. Ikikuishia kijijini Jumapili, utaitafuta mpaka uchoke.

Onyo Kuhusu Taa za Zamani

Flashi nyingi za zamani hubeba umeme mkali katika pini ya kufyatulia. Baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo hupimwa kuwa na zaidi ya volti 200, ilhali kamera na triga nyingine za kisasa huvumilia volti chache tu. Ukichomeka flashi kama hiyo moja kwa moja, unaweza kuunguza kamera. Uzuri wa redio ni kwamba taa haiigusi kamera. Hata hivyo kipande cha kupokea kinaweza kuungua, kwa hiyo soma kijitabu chake uone mwisho wake ni volti ngapi. Kabla ya kununua tuliingiza maji gizani, lakini baadaye mwalimu wa Fizikia alitupimia taa zetu kwa mita katika ncha za waya wa kufyatulia, taa zikiwa zimejaa umeme. Bahati nzuri zilikuwa na volti chache tu. Mwachieni mwalimu kazi hiyo. Na kamwe usifungue flashi! Hata ikichomolewa ukutani, umeme uliohifadhiwa ndani yake unaweza kuua.

Jaribu Papo Hapo Dukani

Nenda na kamera yako, na taa kama inabebeka. Bonyeza mara 20 mfululizo, ukiipa taa nafasi ya kujijaza, na uhesabu mara ngapi imewaka. Simama mbali, kisha simama nyuma ya mlango. Halafu piga picha ya ukuta mweupe kwa 1/125, 1/160, 1/200 na 1/250. Itazame kila picha kwenye kioo. Ukiona ukanda unaanza kujitokeza, hapo ndipo mwisho wako. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike juu ya triga, kama sisi tulivyofanya sasa.

Mwisho

Triga yetu ni ile ile. Tuliongeza kipande kimoja cha kupokea, tukaziba yale macho ya taa kwa karatasi nyeusi, na hatuvuki 1/125. Mwaka jana hatukupoteza picha hata moja. Baadhi ya wale wa kidato cha nne walipokuja kuchukua vyeti vyao tuliwapiga tena, na picha zao tunazo. Lakini toleo lilikuwa limekwisha kuchapishwa, na wengine hawajarudi hadi leo. Mmoja wao alinipigia simu akaniuliza kama picha yake ilitoka vizuri, kwa vile mama yake anaingojea. Nilikosa jibu. Kama unasoma haya, dada, njoo siku yoyote. Taa ziko tayari, na safari hii kioo hatukizimi.

Zoezi

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini picha iliyopigwa kwa 1/500 kwa flashi hupata ukanda mweusi.
2. Taa A ina redio ndani yake, taa B ina tundu la milimita 3.5 tu. Orodhesha vitu utakavyonunua ili zote mbili ziwake pamoja.
3. "Kuingia na kuelewana ni mambo mawili." Jadili ukitoa mfano wa kamera.
4. Mwandishi ametumia maneno triga na kifyatuzi. Je, lipi linafaa zaidi kwa Kiswahili chetu? Leta hoja zako kwenye mkutano wa chama.