MAOMBI YA MIKOPO NA UFADHILI WA VYUO: TAHADHARI KWA WANANCHI WA RUDEWA

Wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita wa Rudewa, Wilaya ya Kilosa, wanakumbushwa kuwa mikopo ya Serikali kwa elimu ya juu, kwa upande wa Tanzania Bara, hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Zanzibar inayo Bodi yake. Maombi hupelekwa kwa mtandao na mwombaji mwenyewe, na hakuna mtu binafsi mwenye mamlaka ya kuongeza kiwango cha mkopo wa mtoto wa mwenzake.

Matayarisho yaanze mapema. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na vivyo hivyo cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Hapa ndipo wengi hukwama: jina lililo katika cheti cha kuzaliwa halilingani na lile la cheti cha kidato cha nne, na marekebisho hayafanyiki kwa siku moja. Fomu ya maombi huhitaji pia saini na mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, pamoja na wa hakimu au wakili. Viongozi wa vijiji wanaombwa wasiwacheleweshe waombaji, kwani dirisha likifungwa halimsubiri mtu. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF iitaje namba yake, maana hiyo ni sehemu ya ushahidi wa uhitaji.

Matapeli hujipenyeza katika malipo. Ada ya maombi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, ambayo mfumo humpa mwombaji mwenyewe. Ujumbe unaotaka fedha zitumwe kwa namba ya simu ya mtu, hata ukibeba nembo ya Bodi, ni wa kitapeli. Tapeli huchagua wakati wake vizuri: hupiga simu majina ya waliopangiwa yanapotangazwa, mzazi akiwa na hofu na magunia ya mahindi yakiwa bado ghalani. Neno la siri la akaunti ya mwombaji nalo lisitolewe kwa yeyote, akiwemo mwenye duka la mtandao anayesaidia kujaza fomu.

Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Haurejeshwi. Nafasi yake hupatikana kwa matokeo ya mtihani, wala hainunuliwi. Mkopo, kwa upande wake, ni deni: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Watumishi wenye deni hilo wanalifahamu vyema, na ingefaa wawaeleze vijana kabla hawajatia saini.

Aliyepokea ujumbe wa kutiliwa shaka asiufute. Namba iliyoutuma ipelekwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Aliyekwisha kutuma fedha aijulishe kampuni ya simu mara moja, kisha afike kituo cha polisi akiwa na ujumbe huo pamoja na ule wa muamala.