Mchaichai na Mafuta Yake

Umekwisha kujifunza sehemu za mmea. Sasa utachunguza jani la mchaichai, ambalo watu wengi hulitia katika chai ili inukie. Mchaichai ni wa jamii ya nyasi, kama mahindi, mpunga na muwa.

Jaribio

Vifaa: majani mawili mabichi ya mchaichai, vikombe viwili vyenye vifuniko, maji baridi na maji ya moto.

1. Nusa jani zima. Kisha liponde kwa vidole, ulinuse tena.
2. Katakata jani la pili. Gawanya vipande sawasawa katika vikombe viwili.
3. Tia maji baridi katika kikombe cha kwanza. Mwombe mwalimu atie maji ya moto katika kikombe cha pili. Funika vyote.
4. Baada ya dakika 5, funua unuse. Kikombe kipi kinanukia zaidi?

Maelezo

Ndani ya jani mna seli zenye mafuta. Ulipoliponda jani, seli zilipasuka, mafuta yakatoka na kugeuka mvuke, nao ukafika puani mwako. Joto huharakisha jambo hilo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo sitrali. Kemikali hiyo imo pia katika ganda la limau, ndiyo maana harufu zao hufanana.

Viwandani, mvuke wa maji hupitishwa katika majani, kisha hupozwa. Mafuta huelea juu ya maji, yakakusanywa na kutiwa katika sabuni na manukato. Wataalamu wameyajaribu katika maabara, wakaona kuwa huzuia aina kadhaa za bakteria na kuvu zisikue.

Tahadhari

Kikombe cha chai kina mafuta kidogo sana. Tena, kitu kinachozuia bakteria katika chombo cha maabara si lazima kiponye ugonjwa mwilini. Chai ya mchaichai huburudisha, lakini haitibu malaria. Malaria isipotibiwa mapema huweza kuua, hasa watoto wadogo. Mdogo wako akishikwa na homa, mwambie mzazi mara moja, ili apelekwe zahanati kupimwa damu. Chai ataweza kunywa pia, lakini isimcheleweshe kupata dawa.

Maswali

1. Kwa nini jani lililopondwa hunukia kuliko jani zima?
2. Kwa nini inafaa kufunika chai ya mchaichai?
3. Mafuta ya mchaichai na maji, kipi ni chepesi zaidi? Umejuaje?
4. Jirani asema, "Mtoto ana homa, lakini nimekwisha kumpa mchaichai." Utamshauri nini?