SOMO LA ROBO HII: MKATE KWA WALE AMBAO MKATE WETU UNAWADHURU



Katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Mtume Paulo anawaonya Wakristo waliokutana kula pamoja huku wengine wakishiba na wengine wakibaki na njaa. Katika sharika zetu wapo pia wanaobaki na njaa mezani. Chakula kinatosha, lakini kilichopo kinawadhuru. Fikirieni chai ya Shule ya Jumapili au ya semina: mkate wa ngano, maandazi ya maziwa na mayai, uji wa lishe wenye karanga na soya. Mtoto mwenye mzio (aleji) wa vitu hivyo vyote hana cha kushika.

Lengo la somo hili ni kuwezesha kikundi cha akina mama au vijana kuoka mkate usio na ngano, maziwa, mayai, karanga, korosho, soya wala ufuta, na kuuoka kwa usalama.

1. Tuelewe tatizo

Mzio wa chakula si deko wala uchaguzi. Mwili unakipokea chakula kama adui. Dalili ni vipele, kuvimba midomo, kutapika, na kwa wengine kubanwa pumzi na presha kushuka ghafla. Hali hiyo inaweza kuua. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, kwa hiyo mgonjwa awahishwe hospitali mara moja. Tusimpe maziwa kama wengi tulivyozoea kumpa mtu aliyekula kitu kibaya, maana huenda maziwa ndiyo yanayomdhuru.

Upo pia ugonjwa wa siliaki, ambao si mzio. Gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri na rai, humfanya mgonjwa aharibikiwe utumbo polepole. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, ngano ilipoadimika, wagonjwa wake walipata nafuu. Iliporudi, waliugua tena. Aliandika matokeo ya utafiti wake katika tasnifu ya mwaka 1950.

Mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele na muhogo havina gluteni. Mazao hayo tunayo shambani.

2. Kwanza vyombo, ndipo unga

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Unga wa mtama hauna gluteni, lakini ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano au unga wa lishe, unabeba mabaki ya ngano, karanga na soya. Macho hayayaoni, lakini mwili wa mwenye mzio unayatambua. Kwa hiyo:

- Nafaka zichambuliwe, zioshwe, zianikwe kwenye turubai safi, zitwangwe kwa kinu na mchi visivyotumika kwa karanga wala ngano.
- Chekeche, mwiko, bakuli na kopo la kuokea viwe vya kazi hii tu, na viwekewe alama ya rangi.
- Mkate huu uokwe kabla ya mikate mingine, si baada yake. Vumbi la ngano hukaa hewani na kutua juu ya meza.
- Tusome maandishi ya pakiti. Baadhi ya baking'i pauda huwa na wanga wa ngano, na majarini nyingi zina maziwa.

3. Namna ya kuoka mkate mmoja

Mahitaji: unga wa mchele gramu 250, unga wa mtama mweupe gramu 150, unga wa muhogo gramu 100, maji nusu lita, hamira vijiko vidogo 2, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi kijiko kidogo 1, mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 2.

Unga wa muhogo uwe wa muhogo mtamu. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa barabara una sumu.

Hatua:

a) Chukua gramu 50 za unga wa mchele, koroga na robo lita ya maji, pika uji mzito. Acha upoe hadi uwe vuguvugu. Katika ngano, gluteni ndiyo inayoshika hewa ya hamira. Hapa uji huu unafanya sehemu ya kazi hiyo.
b) Weka hamira na sukari katika robo lita ya maji vuguvugu, ngoja dakika 10 hadi itoe povu.
c) Changanya unga uliobaki na chumvi. Tia uji, hamira na mafuta. Koroga kwa nguvu kwa mwiko. Usikande, maana huu ni mchanganyiko mzito kama wa keki.
d) Paka kopo mafuta, nyunyiza unga wa mchele, jaza hadi nusu. Funika, acha uumuke mara moja tu, dakika 40 hadi 60. Ukizidisha, utaporomoka.
e) Oka kwa moto wa wastani dakika 50 hivi. Pasipo tanuri, tumia sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa chini na juu ya mfuniko.
f) Acha upoe kabisa kabla ya kukata, la sivyo ndani utanata. Uliwe ndani ya siku mbili. Siku ya pili uchomwe kidogo.

4. Mambo ya kuangalia

Kila mwenye mzio ana orodha yake. Tuandike orodha hiyo pamoja na mzazi kabla ya kuwasha moto. Anayebadilisha maziwa ya ng'ombe kwa ya soya anaweza kumwondoa mtoto kwenye hatari moja na kumtia katika nyingine. Wazazi nao wasimkataze mtoto vyakula vingi kwa kubahatisha, bila daktari, kwani anaweza kupata utapiamlo. Mkate huu hauna protini nyingi, hivyo uliwe na maharage, nyama au samaki, kwa kadiri mtoto anavyoruhusiwa.

Kwa wahisani: kikundi kinachoanza hakihitaji tanuri la umeme. Kinahitaji kinu chake, chekeche lake, mizani na kabati lenye kufuli.

5. Maswali ya kujadili katika kamati

- Nani katika usharika wetu hawezi kula tunachoandaa? Tumewahi kuuliza?
- Mashine tunayotumia inasaga nini kingine?
- Mshirika asiyeweza kula ngano anashirikije Meza ya Bwana? Swali hili lipelekwe kwa mchungaji na Baraza la Wazee.
- Nani atatunza vyombo vyenye alama, na nani atashika zamu asipokuwapo?

Bwana azibariki meza zetu, na kila aketiye apate sehemu yake.