Kadi Mbili, Swichi Moja: Kosa Lililonifunza

Nikiwa mwaka wa pili nilikabidhiwa seva yenye notisi na mitihani ya miaka iliyopita. Ilikuwa na kadi mbili za mtandao, nami nikaziunganisha zifanye kazi kama kadi moja. Nililala bila wasiwasi: moja ikifa, nyingine itaendelea.

Usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu, seva ikapotea mtandaoni. Kadi zote mbili zilikuwa nzima. Kilichokufa ni swichi, na waya zote mbili nilikuwa nimezichomeka humo humo. Wenzangu wengi waliingia mtihanini bila notisi, na wa kuulizwa nilikuwa mimi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, amua unataka nini. Katika Linux kazi hii huitwa bondingi, nayo ina namna saba, kuanzia 0 hadi 6. Namna ya 1 hutumia kadi moja, nyingine ikikaa akiba. Haihitaji mpangilio maalumu kwenye swichi, hivyo kila waya inaweza kwenda swichi yake. Namna ya 4 hufuata kanuni ya LACP: kadi zote hufanya kazi pamoja, lakini swichi nayo lazima ipangwe hivyo, na kwa kawaida waya zote huishia swichi moja. Kama hofu yako ni swichi kufa, anza na namna ya 1.

Pili, usidhani kwamba gigabiti 1 na gigabiti 1 humpa kila mtu gigabiti 2. Katika LACP, kila muunganisho hupita kwenye waya moja. Anayepakua faili moja hatazidi gigabiti 1; faida huonekana watu wakiwa wengi. Tena, Linux isipoelekezwa huchagua waya kwa kutazama anwani za MAC. Wanafunzi wote wakija kupitia ruta moja, majibu ya seva yote huelekea anwani moja, na waya ya pili hubaki bure. Weka xmit_hash_policy iwe layer3+4, ili itazame anwani za IP na namba za poti.

Tatu, weka ulinzi. miimon=100 hukagua waya kila milisekunde 100, lakini huona hadi swichi ya kwanza tu. Swichi hiyo ikiwa hai huku njia ya mbele imekatika, haitajua. Kwa namna ya 1 unaweza kutumia ukaguzi wa ARP badala yake, ukiilenga ruta.

Mwisho, jaribu mwenyewe. Anzisha ping, chomoa waya moja, kisha soma /proc/net/bonding/bond0 uone kadi ipi imeshika zamu. Irudishe, halafu zima swichi nzima. Mimi sikuwahi kufanya jaribio hilo la mwisho. Lingenichukua dakika tano, mchana, wiki moja kabla ya mtihani.