Baba Hasemi Kiu

"Baba yangu ana miaka 78, anaishi Mang'ola na mjukuu wake, wanalima vitunguu. Mwezi uliopita, jua la saa nane, alikutwa kitandani anaropoka, mwili unachemka, na koti lake kalivaa. Majirani wakasema ni uzee tu. Maji hataki, anadai hana kiu. Nimlete Karatu kwa nguvu?"
Binti mwenye hofu, Karatu mjini

Pole sana, dada yangu. Naanza na kauli ya majirani kwa sababu inanitisha kuliko koti. Mzee aliyeamka na akili timamu, kufika saa nane akaropoka, hajazeeka asubuhi hiyo. Amezidiwa na joto, na joto la namna hiyo huua. Likijirudia, avuliwe koti, awekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kuacha, huku gari la kumfikisha kituo cha afya likitafutwa. Kama hajitambui, asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Kuhusu maji, usimwone mbishi. Umri ukienda, kiu hupungua na jasho hupungua. Mwili unakauka mwenyewe hana habari. Basi msimuulize kama ana kiu. Mjukuu ampe kikombe kabla ya kwenda shambani, amwachie jagi karibu, na akirudi atazame limebaki kiasi gani. Uji mwepesi, maziwa na chai navyo vinasaidia. Mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, maji hayamtoshi.

Hukuniambia kama anatumia dawa za presha. Baadhi yake hutoa maji mwilini kupitia mkojo. Asiziache kwa kukisia. Mpeleke kliniki, umsimulie daktari yaliyotokea siku ile. Na kama ana ugonjwa wa moyo au figo, daktari ndiye apange kiasi cha maji.

Wewe huko mjini unalala na blanketi, ni rahisi kusahau kwamba Mang'ola iko bondeni, kando ya Ziwa Eyasi, mamia ya mita chini yenu. Wazee wa Kiiraqw walijenga tembe zenye udongo mnene hadi juu ya paa, na jua la mchana lilichelewa kupenya. Chumba cha bati kisicho na dari hugeuka tanuri kabla ya adhuhuri. Kama una akiba kidogo, iende kwenye dari kwanza. Kwa sasa kitanda cha mchana kihamie nje, chini ya mti wenye kivuli kizito.

Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, nchi yenye hospitali tele. Wengi walikuwa wazee, na wengi kati yao waliishi peke yao. Ndiyo maana nakusihi umtafute mtu wa kumchungulia baba kila mchana, mjukuu akiwa shambani. Jirani mmoja anayeaminika anatosha, na usione haya kumwomba.

Kumleta kwa nguvu, hapana. Shamba na wenzake ndiyo maisha yake. Mwombe aje kukaa nanyi joto linapopamba moto, kama baba anayetembelea watoto wake, na arudi kwake akitaka. Ila mjukuu mpigie simu leo hii, umuulize mchana baba alilala wapi, na alikunywa nini.